Nestori Hakutoroka

Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na saba, na kwenye barua niliyompa mkuu wa ofisi niliandika kwamba sababu ni magoti. Magoti yanauma kweli, siyasingizii. Mke wangu Zaina, ambaye ndiye anayeyakanda, anasema maumivu yangu yana akili: yanakuja kukiwa na kazi nyumbani na yanaondoka nikitaka kwenda kutembea. Lakini kuna sababu ya pili ambayo sikuiandika, nayo ni kichwa. Kichwa changu kiligeuka, na nitawaeleza kilivyogeuka, ingawa mimi mwenyewe sijaelewa vizuri.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki, mnaopeleka watu milimani. Nilitaka kuandika habari za buti na kamba tu. Kila nikianza, kalamu inakwenda kwingine. Pale ofisini mna msemo: mbebaji akichelewa kufika kambini, mnasema "amefanya Nestori." Wengi wenu hamjamwona huyo Nestori. Mmesikia tu kwamba alikuwa mbebaji aliyemwacha mgonjwa mlimani akatoroka na mfuko wa chakula. Habari hiyo ilitoka kinywani mwangu, na si ya kweli. Ninaandika ili jina lake lisafishwe. Nikishindwa, angalau mjue ni nani aliyelichafua.

Nianze na mwanzo, maana nikianza katikati nitapotea, na kupotea nimeshapotea vya kutosha.

Nilipomaliza sekondari niliingia duka la vipuri kule mtaa wa Asiatique. Niliuza beringi, mikanda ya mashine, kamba na minyororo. Duka lilikuwa na mlango mmoja, na kutoka kwenye kaunta niliona kipande cha mlima kati ya majengo mawili. Mteja akiuliza bei nilimjibu nikiangalia kile kipande. Siku moja akaja Mzee Zuberi kununua kamba ya nailoni. Alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, aliyewatumikia wapima ardhi miaka mingi akiwavutia mnyororo wao wa kupimia milimani, kabla hajaanza kupeleka wageni huko juu kwa miguu.

"Unauza kamba," akasema. "Kuifunga unajua?"

"Mi nauza tu, Mzee."

"Basi we ni mwizi. Uje siku ya Mungu, saa kumi na mbili asubuhi, ujifunze."

Nilikwenda Jumapili ile nimevaa mokasini, viatu laini vya mjini. Aliziangalia, akatangulia. Tulipofika pale lami inapoishia na mlima unapoanza, akanionyesha mama mmoja mtu mzima, mwenye mkungu wa ndizi kichwani, anayeanza kupanda kurudi kwake baada ya kukosa mnunuzi.

"Unamuona yule mama? Mufuate. Ukimupita, nakufukuza. Akikuacha, nakufukuza vilevile."

Nilimcheka moyoni. Baada ya nusu saa kicheko kilikuwa kimeisha na mama yule alikuwa mgongo mdogo wa kitenge mbali juu yangu, mkungu umetulia kichwani kama umepigiliwa misumari. Hakuwa na haraka, wala hakusimama hata mara moja. Mzee Zuberi alinikuta nimekaa kwenye jiwe, mokasini mkononi.

"Kazi ni ile," akasema. "Si kupanda. Kupanda hata mbuzi anapanda. Kazi ni kutosimama."

Hakunifukuza. Hadi leo sijui kwa nini, maana masharti yake yalikuwa wazi.

Mambo aliyonifundisha nayaandika hapa kama yalivyo. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia, la sivyo utateremka ukilia. Buti mpya ni za kwendea sokoni. Fimbo nzuri ni ya mwanzi, kwa sababu ikivunjika inalia kwanza. Kabla ya kumpa mbebaji mzigo, uinue mwenyewe, utembee nao hatua ishirini mbele yake. Kama uso wako unabadilika, punguza. Mgeni akianza kusifu uzuri wa milima, mpe maji, anatafuta kisingizio cha kupumzika. Na mgeni anayecheka sana ukamsikia amenyamaza, rudi nyuma haraka.

Halafu alinifundisha kanuni moja kubwa kuliko zote. Ili muielewe, mkumbuke tulivyo sisi watu wa mji huu. Hatuna kaskazini wala kusini. Tuna juu na chini. Juu ni milimani, chini ni ziwani, na jua linatoka juu, linazama chini. Uulize njia Mutanga Nord au Kibenga, utaambiwa panda au shuka, na mtoto wa miaka minne anaelewa. Kwa hiyo Mzee Zuberi alisema: "Ukipotea mu ukungu, usitafute njia. Tafuta maji, uyafuate. Maji yote yanaenda ziwani, na ziwani ni kwetu."

Kanuni hiyo iliniokoa mara nyingi sana. Ukungu wa kule mnaujua: unakuja bila hodi, na unajikuta unaongea na kiwiko chako. Nilikuwa natafuta kijito, nashuka nacho, na mwishowe naona ziwa linametameta chini na mji umelala kando yake. Sikuwahi kuitilia shaka kanuni ile, kama vile hamtilii shaka kwamba mvua hutoka juu.

Mzee Zuberi alifariki kabla njia haijarefushwa. Wakati wake tulipanda vipande viwili tu: siku ya kwanza kutoka mjini hadi kwenye mashamba ya juu, siku ya pili hadi chini ya mgongo mkubwa wa milima, kisha tunarudi. Baadaye ofisi ikaongeza vipande vingine, na kile kinachoitwa Ya Tatu ndicho mnachokiogopa ninyi na ndicho nilichokiogopa mimi. Mnakwenda juu ya mgongo wenyewe siku nzima. Kuna mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, kuna mianzi iliyolala njiani, na baridi inayoingia kwenye mifupa hata mchana. Na njia haitulii juu ya mgongo. Inapita upande huu, inarudi upande ule, inazunguka vilima vidogo nyuma na mbele, mpaka hujui umevuka mara ngapi.

Wapo walioniambia kwamba ng'ambo ya mgongo maji yanakwenda kwingine, huko kwenye mito ya ndani, na kwamba mwishowe yanafika Misri. Nilisoma hata darasani, tukaandika kwenye daftari. Lakini kujua kitu kwa daftari na kukijua kwa miguu ni mambo mawili, na miguu yangu ilikuwa ya Mzee Zuberi.

Nestori alikuwa mbebaji wetu wa Ya Tatu. Kwao ni kwenye kilima kilicho chini ya kambi ya pili. Alikuwa mkulima wa rika langu, mrefu, mwenye tabia ya kuvaa koti la suti juu ya buti za mvua. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kirundi changu kilikuwa cha mjini, na tulielewana zaidi kwa ishara; mimi aliniita patro, yaani bosi. Alijua kila jiwe kule juu, lakini hakuna aliyemwita mwongozaji. Mwongozaji hutoka mjini. Mbebaji hutoka mlimani. Ndivyo tulivyopanga, na sikumbuki ni nani aliyepanga.

Sasa nifike kwa Bwana Salum. Alikuwa na duka la vyuma pale Asiatique, mlango wa tatu kutoka duka nililofanyia kazi ujanani, na babu zake walitoka Omani wakafungua duka lilelile. Alikuwa na miaka sitini, tumbo la mbele, na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia atembee. Nadhani daktari alikuwa na maana ya kuzunguka mtaa, lakini Bwana Salum alikuwa mtu wa kununua vitu kwa jumla. Akalipia vipande vyote.

Siku mbili za kwanza alitufurahisha. Alikuwa akipanda anasimulia, akishuka anasimulia. Nestori alikuwa haelewi nusu ya maneno, lakini anacheka mahali panapofaa.

"Rama," ananiambia, "huyu mubebaji wako anavaa koti kuliko meneja wa benki. Mi ndo nilipaswa kubeba mfuko wake."

Asubuhi ya siku ya tatu alijichoma sindano yake ya kushusha sukari, akala mkate kidogo, tukaondoka kukiwa kweupe. Biskuti zake, sukari na juisi zilikuwa kwenye mfuko mwekundu mgongoni kwa Nestori, pamoja na chakula cha wote. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na si la ajabu. Sote tulifanya hivyo. Ukungu ulitushika tukiwa kwenye mianzi. Tukatembea saa nyingi kuliko tulivyopanga, maana miti ilikuwa imeangukia njia na tulizunguka, tukazunguka tena. Kufikia saa sita Bwana Salum alikuwa ameketi kwenye gogo mbali kidogo nyuma yetu, kichwa amekishika kwa mikono, akisema atatufuata pumzi zake zikimrudia.

Nikaona lazima tukatize tushuke, tutoke kwenye mgongo, tufike barabara ya upande wa ziwa ambako gari lingetuchukua. Nilitafuta maji. Nikayapata: kijito chembamba kati ya majani, kinashuka kwa mbio. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Tunashuka na haya," nikamwambia Nestori.

Akayaangalia. Akatikisa kichwa kukataa. "Oya, patro. Hii maji si yenu."

"Si yetu namna gani? Maji ina mwenyewe?"

"Hii inaenda huko ingine. Ziwa ni huku." Akanyoosha mkono kule ambako, kwa kichwa changu, kulikuwa juu zaidi milimani. "Tulishavuka. Tulivuka pale ku muti ulianguka."

"We Nestori, mi napanda hii milima tangu we unachunga mbuzi."

"Ego, ndiyo. Nilikuwa nachunga hapahapa."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayejibu swali. Lakini nilisikia damu imenipanda usoni, nikageuka kuona kama Bwana Salum amesikia. Niliwaza pia kwamba anataka tuzungukie upande ule kwa sababu ni karibu na kwake, akalale kwa mkewe. Mtu akiwa na wasiwasi haoni aibu kuwaza lolote.

Nikamwambia: "Kama unajua sana, pita huko kwako. Nenda na mzigo wako. Tutakutana ku barabara."

Akasimama. Akaniangalia, akamwangalia Bwana Salum kule nyuma. "Huyu muzee, patro?"

"Huyu ni mgeni wangu. Nenda."

Akaenda. Koti lake likaingia kwenye ukungu, na mfuko mwekundu ukabaki ukionekana kidogo, kisha nao ukaingia. Sikukumbuka kilichokuwa ndani yake. Mnisikilize vizuri: sikusahau baadaye, sikukumbuka palepale, ukiwa mbele ya macho yangu.

Nilimwambia Bwana Salum kwamba mbebaji ametangulia. Tukashuka na kijito. Mwanzoni alisimulia habari za mteja aliyemrudishia misumari baada ya kuitumia. Kijito kikawa mto mdogo. Niliutafuta mwanga wa ziwa kupitia kila uwazi wa miti, na kila mara niliona kilima kingine, na nyuma yake kilima kingine. Nikawa najiambia kwamba ziwa liko nyuma ya hiki. Halafu nyuma ya hiki.

Nikagundua kwamba nasikia maji tu. Hakuna anayesimulia. Nilirudi nyuma haraka, nikamkuta amesimama akitetemeka, shati limelowa jasho katika baridi ile.

"Bwana Salum, vipi?"

"Ile misumari," akasema, "wameifunga mu gari gani?"

Nilimshika; sukari ilikuwa imemshuka. Nilijipapasa mifuko yote. Nilikuwa na kamba, filimbi, kisu, tochi, plasta na ramani ambayo sikuwa nimeifungua tangu nianze kazi. Sikuwa na hata pipi moja. Nilimbeba nusu, nikamburuta nusu, tukafika bondeni kwenye mashamba. Huko chini ukungu ulikuwa umeisha. Mama mmoja alikuwa akilima matuta ya viazi, akaacha jembe akatukimbilia. Nilimweleza kwa Kirundi changu kibovu kwamba mzee anahitaji kitu kitamu, upesi. Akaingia nyumbani akatoka na kibuyu cha umutobe, maji ya ndizi.

Bwana Salum alikinusa. Hata katika hali ile alikumbuka kwamba maji ya ndizi yakilala yanakuwa pombe. Akaniuliza kwa ulimi mzito: "Ni umutobe, ao imeshakuwa ile ingine?"

Nikamuuliza mama. Mama akasema yamekamuliwa jana.

"Jana asubuhi ao jana jioni?" nikauliza.

Mama akafikiri. Akasema jana, wakati mbuzi wanarudi. Nikaanza kuhesabu saa kwa vidole.

"Rama," akasema Bwana Salum, "acha masuali. Nikikufa sababu ya masuali yako nitakungojea Akhera." Akasema Bismillahi, akanywa kibuyu chote.

Alikaa chini. Tulimkalia pembeni, mimi na yule mama, tukimtazama kama watu wanaongoja chungu kichemke. Baada ya muda mikono ikatulia. Akapangusa uso, akauliza kama kuna kibuyu kingine. Nikajua ataishi.

Hapo ndipo kichwa kilipogeuka. Nilimwuliza mama ziwa liko umbali gani.

"Ziwa gani?" akasema.

"Tanganyika, mama. Ziwa."

Akacheka akiziba mdomo. Akanyoosha kidole nyuma yetu, juu, kwenye mlima mzima tulioushuka. Huko, akasema, nyuma ya ule, mpaka uvuke, halafu utembee siku nyingine.

Nikageuka. Jua lilikuwa limekaa juu ya mlima. Maisha yangu yote jua likiwa juu ya milima ni asubuhi. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimetembea siku nzima, miguu inajua ni jioni, tumbo linajua ni jioni, lakini macho yalikataa. Kwa dakika kadhaa niliamini kabisa kwamba ni asubuhi ya siku nyingine na kwamba kuna usiku ulionipita. Nilimwuliza mama saa. Alinihurumia waziwazi, akaniletea mimi pia kibuyu.

Kabla jua halijazama tulisikia mtu anaita kutoka juu. Alikuwa Nestori. Alifika barabara ya upande wa ziwa, akangoja, hakutuona, akaelewa. Akapanda tena mgongo wote, akashuka na kijito chetu akifuata alama za fimbo yangu. Buti zimejaa matope, koti limelowa, mfuko mwekundu uko mgongoni haujafunguliwa. Aliutua, akatoa sukari kwanza, akampelekea Bwana Salum.

"Ulikuwa wapi, we mutu?" Bwana Salum akamfokea. "Mi nakufa, we unatembeza biskuti zangu?"

Nestori aligeuka. Aliniangalia mimi. Alikuwa ananipa nafasi. Aliniangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba hata yule mama alianza kuniangalia.

Nikainama nikafunga kamba za buti. Zilikuwa zimefungwa tayari.

Tuliporudi mjini nilimkuta mkuu wa wakati ule ofisini, na wenzangu wanne au watano wanakunywa chai. Nilisimama mbele ya ubao wenye majina ya zamu. Mkuu akauliza ilikuwaje mgonjwa akose sukari. Nikasema mbebaji alitangulia na mfuko. Akauliza, "Yaani alitoroka?" Ningeweza kusema hapana. Neno ni fupi. Nikasema, "Ndiyo hivyo." Akachukua kitambaa akafuta jina la Nestori kwenye ubao. Bwana Salum naye alilisimulia dukani kwake kila siku, kwa sauti yake ile, na kila aliyenunua bawaba aliondoka nalo. Ndivyo msemo wenu ulivyozaliwa.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza miaka kumi. Sikumchukia. Kazi yangu haikuwa hatarini sana; wangenikaripia tu. Wakati mwingine nadhani nilikuwa namlinda Mzee Zuberi, kwa maana nikikubali kwamba Nestori alisema kweli, basi kanuni ya mwalimu wangu ilikuwa ya upande mmoja tu wa mlima, na mimi nimeiishi kama ya dunia nzima. Wakati mwingine naona hayo ni maneno mazuri ya kufunika woga. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliendelea kupeleka watu Ya Tatu nikiwa na dira nimeificha ndani ya shati, na nikipita kambi ya pili nilikuwa napita kabla watu hawajaamka.

Na kichwa hakikurudi. Hata hapa mjini, ninatoka mlango wa duka Asiatique, ninajua chini ni kushoto, lakini mwili unaniambia ni kulia. Nasimama kama mgeni. Watu wananisalimia wakidhani namngoja mtu. Ndiyo sababu ya pili ya kustaafu: mwongozaji anayejiuliza nyumbani ni wapi, hapaswi kutangulia mbele ya watu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibenga, ambako Bwana Salum anaishi na mwanawe. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Basi," akasema, "mi nimemusema mutu wa watu vibaya miaka yote hii, na ndiye alipanda mlima mara mbili kuniletea sukari?"

"Ndiyo, Bwana Salum."

"Na we unakuja hapa kwangu kwanza, kwa sababu hapa ni tambarare." Akanitazama miguu. "Nenda juu. Kesho. Na usiniambie habari ya magoti."

Nilipanda. Vipande viwili vilinichukua siku tatu. Nilimkuta Nestori anatengeneza ua wa mbuzi. Nywele zimeanza kuwa nyeupe, koti ni jingine. Alinipa kiti, yeye akaendelea kufunga fito. Nikaongea kwa Kirundi nilichokuwa nimekariri njiani, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili. Nikamwambia jinsi jina lake linavyotumiwa ofisini. Hilo hakuwa akilijua. Alidhani hakuitwa tena kwa sababu alibishana na mwongozaji.

Mikono yake ikaacha kufunga. "Wanasema hivyo kila siku?"

"Kila mubebaji akichelewa."

"Hata wale ambao hawanijui?"

"Hao ndio wanasema zaidi."

Nikamwomba msamaha. Mbuzi mmoja akapata upenyo akatoka, hakumfuata. Mwishowe akasema maneno ambayo nimeyabeba kuteremka nayo, na ni mazito kuliko mfuko wowote.

"Patro, unaniomba musamaha hapa, ni nani anasikia? Mbuzi? Huku hakuna mutu anasema mi nilitoroka. Huku wote wanajua. Uende useme kule ulisema ya kwanza. Useme kwa mdomo, kama vile ulisema."

Nikamuuliza kama baada ya hapo atanisamehe. Akasema hajui bado, kwanza asikie kama nimesema. Akamfuata mbuzi.

Kwa hiyo maandishi haya peke yake hayatoshi, na mkuu wetu wa sasa ameshanikubalia nije kusema kwa mdomo. Amesema habari ya kumrudisha Nestori ubaoni, na kama mwongozaji wa Ya Tatu, mtaijadili ninyi mkishanisikiliza. Sijui mtaamua nini. Jumatatu mtakapokuwa mnakunywa chai nitakuja. Najua adabu zenu, na najua mtakimbilia kumtafutia mstaafu pa kukaa. Msinipe kiti. Uongo niliusema nimesimama.